Jibu: Krismasi magari hakuna, mbona PM2.5 imepanda?

Salaam mkuu. Unasema Krismasi Dar foleni ziliisha, lakini kipimo chako cha barazani kilipandisha PM2.5 (chembe laini sana za vumbi na moshi hewani) usiku, na joto halikushuka. Anza na unyevu: vipimo hivi vya bei nafuu hutumia mwanga, hewa ikiloa huhesabu matone ya maji kama vumbi. Kisha chungulia jiko la mkaa la jirani. Sikukuu kuku huchomwa hadi usiku wa manane, na kipimo changu kikiwa upande wa moshi namba huruka vibaya. Magari yakipungua, kinachoshuka haraka ni naitrojeni dayoksaidi, gesi ya moshi wa magari, ambayo kipimo chako hakiioni kabisa. Joto usilitegemee sana: zege na lami hutoa usiku joto la jua la mchana, magari yawepo yasiwepo. Linganisha saa ileile na wiki iliyotangulia, mawingu yakifanana.