Mshipa umezibuliwa, majina bado yananikimbia

Mwanangu mpendwa,

Umeniuliza kwa nini bado nasahau majina ya watu, na huu ni mwezi wa sita tangu nizibuliwe mshipa wa shingo. Ukauliza tena, kwa upole, kama nilipasuliwa bure.

Sikupasuliwa bure. Unakumbuka mkono wangu wa kulia ulivyolegea mezani, kijiko kikaanguka, kisha baada ya dakika chache ukarudi kama kawaida? Mshipa wa shingo wa kushoto, unaolisha upande wa ubongo unaoendesha mkono wa kulia, ulikuwa umejaa utando wa mafuta. Kipande kikimeguka hupanda ubongoni na kuleta kiharusi. Daktari alikwangua utando ule ili kuzuia kiharusi, kumbukumbu hakuniahidi. Utafiti wa Amerika Kaskazini uliochapishwa mwaka 1991 uliwafuatilia watu wenye dalili kama zangu, mshipa ukiwa umebana kwa asilimia 70 au zaidi. Ndani ya miaka 2, kiharusi cha upande wa mshipa uliobana kiliwapata 26 katika kila 100 waliotumia dawa peke yake, na 9 katika kila 100 waliopasuliwa. Hilo ndilo nililolifuata.

Ama akili, wengine huchangamka, wengine hubaki walivyokuwa, wengine hushuka. Seli za ubongo zilizokufa hazifufuki. Zile zilizokuwa zikipata damu kidogo tu, hizo huweza kuamka.

Kabla ya kupasuliwa niliambiwa nichore saa inayoonyesha saa tano na dakika kumi. Mshale mfupi nikaupeleka kwenye 5. Nikautazama mchoro wangu, nikauona hauna kasoro. Miezi mitatu baadaye nikauweka kwenye 11 bila kusita, nawe ukapiga vigelegele. Lakini, mwanangu, mtihani ule nilikuwa naurudia, na anayerudia mtihani hufanya vizuri zaidi hata kama kichwa ni kilekile. Mimi naamini zaidi jambo jingine: sasa watu wanne wakizungumza nawafuata mpaka mwisho. Zamani nilipotea katikati, nikawa natabasamu tu.

Majina ndiyo hayajarudi. Ukija nami mahali penye watu, usiniulize, "Baba, huyu unamkumbuka?" Nitajie jina taratibu kabla hajafika karibu. Aspirini na dawa ya presha nakunywa kila siku, usihofu.

Baba yako