Fundi wa Nyumba: Hita ya gesi isiyotaka kuzima

SWALI: Mafundi, salaam. Tumenunua nyumba kuukuu hapa Columbus, Ohio. Hita ya gesi iliyoko besimenti ni ya miaka ya 1980, na tangu juzi haizimi. Hata nikigeuza themostati hadi OFF, hewa inavuma kwenye matundu usiku kucha. Baridi ya nje ni kali, siwezi kukaa bila hita. Nianzie wapi? – Msomaji, Columbus

JIBU: Barua yako haisemi kama hewa hiyo ni ya moto au baridi, na hapo ndipo kazi inapoanzia. Weka themostati OFF, subiri dakika 15, kisha shika tundu la hewa na uchungulie kwenye vichomeo. Kimoto kidogo cha bluu kinachowaka muda wote ni cha kuwashia, kiache. Tunachotafuta ni moto mkubwa.

Kama hewa ni baridi na moto mkubwa umezimika, tatizo ni la feni. Hakikisha kwanza swichi ya feni kwenye themostati iko AUTO, si ON. Kisha kwenye hita tafuta kiboksi cha chuma chenye piga ya nyuzijoto na kitufe cheupe. Kitufe kikibonyezwa ndani, feni haisimami, kivute nje. Kama kilikuwa nje tayari, kata umeme, ngoja saa moja, usome piga. Hita imepoa lakini piga bado inasema 130 (Farenhaiti)? Koili iliyo nyuma yake, ile ya chuma kilichosokotwa inayohisi joto, imechoka, nunua swichi nyingine ya aina hiyo. Pima urefu wa koili kabla ya kwenda dukani, kwa sababu zipo za inchi 5, za inchi 8 na ndefu zaidi. Wengi wanaharibu hapa: swichi mpya huja na kipande cha shaba kinachounganisha upande wa feni na upande wa kikomo cha joto (swichi inayokata moto joto likizidi). Feni yako ikitumia volti 120 na kikomo kikitumia 24, kipande hicho lazima kitolewe, la sivyo utaunguza transfoma. Na ukisogeza vishale vya piga, ishikilie piga isizunguke, maana koili hupinda na vipimo vyote hupotea.

Kama hewa ni ya moto, jambo ni zito zaidi. Kata umeme kwa swichi iliyo karibu na hita. Moto ukiendelea kuwaka wakati umeme umekatika, vali ya gesi imekwama wazi: funga koki kwenye bomba, mkono wake ukae kukingama na bomba, uite fundi mwenye leseni. Usiigonge vali wala kuifungua. Usitegemee kikomo cha joto kikuokoe, kwa sababu kinachokata ni umeme unaokwenda kwenye vali, na vali iliyokwama haisikii umeme.

Moto ukizima umeme ulipokatwa, kuna kitu kinachoiamuru hita iwake. Umeme ukiwa bado umekatwa, fungua themostati. Waya wa R huleta volti 24, W huita moto, G huita feni. Chomoa W, utenge usiguse nyaya nyingine, rudisha umeme. Hita ikitulia, themostati ndiyo mbovu. (Ya zamani yenye kichupa cha zebaki usiitupe kwenye takataka za kawaida.) Ikiwaka tena, kata umeme na uchomoe W hiyohiyo upande wa hita. Ikitulia sasa, nyaya zimegusana ukutani, mara nyingi kwa sababu ya panya au pini iliyopigiliwa vibaya. Pitisha waya mpya. Ikizidi kuwaka, pima vituo viwili vya nyaya kwenye vali kwa multimita iliyowekwa kwenye volti za AC (mkondo geu). Ukiona volti 24, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme) imeganda au kuna nyaya zilizogusana ndani ya hita. Ukiona sifuri na moto upo, ni vali.

Wakati hita imezimwa, acha mabomba yadondoshe maji kidogo yasigande. Tumia hita ya umeme iliyochomekwa moja kwa moja ukutani. Jiko la mkaa ndani ya nyumba, hapana, wala oveni ya gesi: kaboni monoksidi haina harufu. Ukinusa gesi yenyewe, toka nje kwanza, piga simu baadaye.

SWALI: Yetu nayo haizimi, lakini ni ya mwaka 2004. Nje kukiwa nyuzi 15 za Farenhaiti chini ya sifuri inafanya kazi kutwa, na nyumba haivuki 65 ingawa tumeweka 70. – Msomaji, Minneapolis

JIBU: Hiyo haijakwama, imelemewa. Kwa baridi ya namna hiyo hata hita isiyo na hitilafu hufanya kazi karibu bila kupumzika. Ila kufika 65 tu kuna sababu. Badilisha filta (mshale uelekee kwenye hita, ya unene wa inchi 1 iangaliwe kila mwezi) na ufungue matundu yote, hata ya vyumba visivyotumika. Kisha simama mbele ya hita dakika 20. Moto ukikatika katikati huku feni ikiendelea, joto linazidi ndani kwa kukosa hewa ya kutosha na kikomo kinaukata. Filta ni mpya na bado unakatika? Mwite fundi apime feni na akague kama chuma kinachotenganisha moto na hewa ya nyumba kimepasuka. Na kama mabomba yake ya hewa na moshi ni ya plastiki, yanayotokea ukutani nje, ondoa theluji mbele yake.