Mdogo wangu, usizime maiki

Juzi usiku nimepata ujumbe wa binti wa Morogoro. Ana miaka 19, anacheza EA FC, ile gemu ya mpira iliyokuwa ikiitwa FIFA, mtandaoni na kina kaka asiowajua. Anasema alifungua mdomo mara moja tu, kumwambia mwenzake apige krosi, wakaanza: rudi jikoni, rudisha pedi ya kaka yako, yaani kile kidude cha kuchezea gemu, na mengine nisiyoweza kuyaandika hapa. Mwisho akaniuliza, "Dada, niache gemu au nitumie jina la kiume?"

Hilo la jina la kiume limenitonesha.

Mwaka 2015 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, sina kazi. Mtaani kwetu Temeke kulikuwa na banda la gemu: runinga nne, feni moja, na benchi la mbao lenye msumari uliochana sketi yangu siku ya kwanza tu. Nikalipa mia tano yangu, nikaomba pedi. Banda zima likaangua kicheko. "Sista, pedi ziko duka la dawa." Utani huo niliusikia kila siku kwa miezi minane, na kila aliyeutoa aliamini kautunga yeye.

Mwaka huohuo ikatoka FIFA 16, ya kwanza kuwa na timu za wanawake. Zilikuwa timu za taifa 12, na hakuna hata moja ya Afrika. Nigeria, Cameroon na Ivory Coast zote zilikuwa zimetoka kucheza Kombe la Dunia kule Canada miezi michache tu nyuma! Halafu timu ya wanawake ilikuwa haichezi ila na ya wanawake. Maana yake mimi nikichukua Ujerumani, mpinzani wangu naye lazima achague wanawake. Walikataa wote. Mmoja alitoa mia tano yake mfukoni akanirudishia hela ya mechi, bora apate hasara kuliko wenzake wamkute anachezesha wanawake.

Basi nikacheza na timu zao. Desemba mwenye banda akaandaa mashindano, watu 16, zawadi elfu hamsini. Fainali nilimfunga 3-1 kijana ambaye mtaa mzima ulikuwa unamwogopa. La tatu nilimtoa kipa nikalala nalo golini, bado naliona nikifumba macho. Mwenye banda akanihesabia elfu thelathini. Ishirini eti ya maandalizi, "na hata hivyo jamaa kakuachia."

Sikurudi tena pale. Baadaye nikapata PlayStation yangu, nikaingia mtandaoni, nikajiita Mudi. Maiki nikaifunga. Miaka miwili nilicheza kwa amani kabisa, naitwa kaka, naitwa mwanangu, napewa heshima ambayo lile banda lilininyima.

Usiku mmoja akaingia dada kwenye kundi letu, sauti yake inasikika. Wakamvaa. Nami Mudi, ninayeijua ile benchi na ule msumari, nikaandika "hahahaha" ili nisionekane niko upande wake. Alitoka mechi haijafika mapumziko. Sijawahi kumwona tena, na jina lake nalikumbuka.

Kwa hiyo, mdogo wangu, jina la kiume usitumie. Litakulinda wewe, halafu litakufanya umchome mwenzako. Usizime maiki. Akikutukana, mripoti kwenye mfumo, mzibe sauti yake yeye, yako iache wazi. Tafuta wenzako wawili wa kuingia nao. Na narudia, usizime maiki.

Najua kuna watakaosema gemu ni gemu, mambo ya usawa tuyapeleke bungeni. Hawa ndio waliolia 2023 wakati FC 24 ilipochanganya wanaume na wanawake kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu unapojipangia kikosi chako, na Alexia Putellas, mwanamke wa Hispania, akapewa alama 91 za ubora sawa na Mbappé na Haaland. Eti haina uhalisia! Lakini mwenye kulia hivyo ana Pelé kikosini, aliyefariki Desemba 2022, anapiga pasi na vijana wa juzi. Marehemu akicheza hawaoni shida. Mwanamke aliye hai, mwenye Ballon d'Or mbili, ndiye anayewaharibia gemu.

Wengine wataniambia ni matusi tu ya watoto wa mtandaoni. Basi wakaangalie na maofisini. Riot Games, wenye gemu ya League of Legends, Desemba 2021 walikubali kulipa dola milioni 100 kumaliza kesi ya wafanyakazi wao wa kike waliolalamikia ubaguzi na unyanyasaji. Waliofungua kesi hiyo hawakuwa watoto, ni watu wazima wenye vitambulisho vya kazi shingoni. Mimi siamini kwamba anayetengeneza gemu na anayetukana kwenye maiki wamelelewa nyumba tofauti.

Jirani zetu Kenya wana Sylvia Gathoni. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kimataifa, UYU, kucheza Tekken 7, gemu ya kupigana. Jina lake la kwenye gemu ni QueenArrow. Amejiita malkia, kaliandika hivyo mbele ya dunia nzima, mwaka ambao mimi nilikuwa bado nimejificha nyuma ya Mudi. Nilipomsoma nilimwonea wivu kwanza. Kufurahi kulikuja wiki kama mbili baadaye.

Nitumie jina lako la kwenye gemu, lilelile la kike. Ijumaa nipo kuanzia saa tatu usiku, wewe cheza winga, krosi nitakupigia mimi. Na kama una ndugu Temeke anayemfahamu mwenye lile banda, amwambie elfu ishirini yangu bado naidai.