Kilomita nane kila alfajiri hazitamshushia dogo muda wa mita 100

Mkuu, nimesoma swali lako mara mbili. Mdogo wako yuko kidato cha tatu, anakimbia mita 100 kwa 11.6 ya saa ya mkononi, kocha anamtoa kilomita nane kila alfajiri, jioni wanapiga mita 200 mara kumi, na tangu Januari muda umeganda palepale. Unauliza kama ni suala la chakula. Chakula kina nafasi yake, ila mimi naona ugonjwa uko kwenye hiyo ratiba.

Nafundisha michezo sekondari, huu mwaka wa kumi na tatu. Miaka mitano ya mwanzo nilikuwa kama huyo kocha, tena nadhani nilimzidi. Nilikuwa na kijana mmoja mwepesi kuliko wote waliowahi kupita mikononi mwangu. Nikampa hizohizo mita 200 kumi, mapumziko dakika moja, siku tatu kwa wiki, siku zilizobaki mbio ndefu. Wala hakuwa mtu wa kukataa kazi. Wiki mbili kabla ya UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, kwenye mbio ya saba, nikamwona ameshika nyuma ya paja kabla hata hajaanguka. Nyama za paja zimechanika. Nikamfokea kwamba hakupasha misuli vizuri. Leo nikikumbuka naona aibu, kwa sababu alipasha vizuri sana. Aliyekosea ni mwenye filimbi.

Nieleze kwa nini. Ndani ya misuli kuna akiba ndogo ya nguvu ya papo kwa papo. Inatosha sekunde chache za kukimbia kwa nguvu zote, na kujaa tena inahitaji dakika kadhaa. Ukimrudisha mtu mstarini baada ya dakika moja, mbio inayofuata inakuwa ya stamina, haina kasi tena hata kama anajitahidi mpaka anatapika. Mbio kumi za sekunde 29 zinaufundisha mguu kukimbia mita 200 kwa sekunde 29. Halafu siku ya mashindano tunashangaa mtoto "amekosa mbio".

Simlaumu sana kocha wako. Sisi huku tumelelewa na habari za Filbert Bayi na rekodi yake ya dunia ya mita 1500 pale Christchurch mwaka 1974, na Juma Ikangaa na marathoni zake. Riadha kwetu maana yake ni jasho na umbali. Mtu wa mbio fupi akipumzika dakika tano anaonekana mvivu.

Sasa kuna mjadala mkubwa wa makocha ambao ni vizuri ukaujua, maana ratiba nyingi zinazozunguka kwenye simu zimechotwa humo bila kusema zimetoka wapi. Upande mmoja yuko Clyde Hart wa Chuo Kikuu cha Baylor, Texas, aliyemfundisha Michael Johnson. Yeye alianza msimu na mbio ndefu zaidi zilizorudiwa mara nyingi, kisha kadiri msimu unavyosogea idadi inapungua na kasi inapanda. Upande wa pili ni Mkanada Charlie Francis: anza na mita 10, 20, 30 kwa kasi kamili tangu mwanzo, urefu uongezeke taratibu, na siku ngumu iwe ngumu kweli, siku nyepesi iwe nyepesi kweli, usikae katikati. Najua mtu atakuja kuniambia Francis ndiye kocha wa Ben Johnson aliyevuliwa dhahabu ya Seoul 1988 kwa dawa za kuongeza nguvu. Ni kweli, na doa lile halifutiki. Lakini ile hoja ya kutenganisha siku za kasi na siku za kupumzisha mwili makocha wengi wanaitumia mpaka leo, wakiwemo wasiotaka kulitaja jina lake.

Kinachosahaulika ni kwamba Johnson wa Hart alikuwa mtu wa 200 na 400. Ile 43.18 yake ya mita 400 pale Seville 1999 ni mbio ambayo lazima uwe na uvumilivu wa kasi. Kuchukua mazoezi ya mita 400 ukampa mtoto wa mita 100, ambaye hata kuondoka kwenye mstari bado hajui, ndiko tunakoharibu. Mimi nimeegemea upande wa kuanzia fupi. Si kwa sababu ya ushabiki: shuleni nina wanafunzi kwa wiki kumi, kumi na mbili hivi, kisha likizo. Sina miezi ya kujenga msingi.

Niliyoyabadilisha ni haya. Kwanza, siku za kasi ni tatu tu kwa wiki, hazifuatani. Jumatatu kuondoka: mita 10 mara tatu, mita 20 mara nne, mita 30 mara tatu. Hesabu, jumla ni mita 200. Mapumziko ni dakika moja kwa kila mita kumi alizokimbia, kanuni ya zamani ya makocha wa mbio fupi. Mara ya kwanza mwalimu mwenzangu alipita akakuta watoto wamekaa chini ya mwarobaini, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wako mazoezini au kwenye kikao cha harusi?" Nikamwambia asubiri dakika tatu aone watakavyotoka.

Jumatano ni kasi ya juu. Anaingia taratibu akiongeza mwendo kwa mita 25, kisha kuna mita 20 zilizowekwa matofali mawili, hapo ndipo anafungulia yote. Mara nne, basi. Usipime hizo mita 20 kwa saa ya mkononi, kidole chako kikichelewa kidogo tu umejidanganya. Rekodi kwa simu kwenye mwendo wa polepole uhesabu picha. Ijumaa tunaenda 80 mpaka 120, mara mbili au tatu, mapumziko mpaka robo saa. Muda ukianza kuharibika, hata kama bado mbio mbili kwenye karatasi, tunafunga. Hapa ndipo roho huniuma mpaka leo, kumrudisha mtoto bwenini wakati bado anataka kukimbia.

Siku za katikati ni kurusha mpira uliochakaa tuliojaza mchanga, kuruka kwa hatua, kazi za tumbo na mgongo, na kutembea. Ndiyo, kutembea.

Tuje kwenye ufundi, maana hapa ndipo uwanja wa vumbi unapotusaidia kuliko tunavyodhani. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku nilimkimbiza binti mmoja mita 30 kwenye udongo laini ambao haujakanyagwa. Akafika, mimi nikabaki nyuma nimeinama nasoma nyayo. Hatua mbili za kwanza kila unyayo ulikuwa na kishimo cha vidole na udongo umerushwa nyuma, safi kabisa. Hatua ya tatu kisigino kimechoma ardhi, na kabla yake kuna pengo refu kupita kiasi. Akawa ameruka kutafuta umbali badala ya kusukuma. Mguu ukitua mbele ya kiwiliwili unafanya kazi ya breki. Nikamwita akaangalia mwenyewe, sikuhitaji kuchora ubaoni. Tukaweka vijiti vifupi vya kufuata, kila pengo likizidi la nyuma yake kidogo, na ndani ya wiki tatu kisigino kile kikapotea. Tangu hapo wanafunzi wangu ndio wanaogombania kusoma nyayo zao, na wanachekana kweli.

Kwa hiyo maneno yangu mstarini ni machache: sukuma ardhi nyuma, kichwa kifuate mgongo, usiharakishe kusimama wima. Akishasimama: kiuno juu, mguu utue chini yako, taya lilegee. Mtoto anayekunja uso na kukaza ngumi anajifunga mwenyewe. Ile habari ya "peleka miguu haraka" niliiacha. Watafiti wakiongozwa na Peter Weyand walionyesha mwaka 2000 kwamba wenye kasi zaidi wanatofautiana na wengine hasa kwa nguvu wanayoipiga ardhi. Namna wanavyozungusha mguu hewani haipishani sana.

Na hata Bolt alipunguza kasi mwishoni. Berlin 2009, kwenye ile 9.58 ya mita 100, mita 20 kati ya 60 na 80 alizikata kwa 1.61, na 20 za mwisho kwa 1.66. Maana yake anayeonekana "anamalizia kwa nguvu" mara nyingi ni yule anayepungua kidogo kuliko wenzake. Ukimfundisha mdogo wako kujikaza mita 20 za mwisho unamfundisha kupungua zaidi. Huyohuyo Bolt, kocha Glen Mills alipomchukua 2004, nyama za paja zilikuwa zinamsumbua, na kazi kubwa ikawa kuurekebisha mkao wake, kwa sababu alikuwa anakimbia kama mtu aliyeegemea nyuma.

Halafu hiyo 11.6. Saa ya mkono inaongopa. Ukitaka kulinganisha na saa ya umeme ongeza 0.24, kwa hiyo yuko kwenye 11.84 hivi. Usikate tamaa wala usimtajie Omanyala, yule Mkenya wa mita 100, kila siku. Ile 9.77 ya Kasarani, Septemba 2021, mwenyewe alianzia kwenye raga, na Nairobi hewa ni nyepesi, inasaidia mbio fupi.

Kuhusu kocha, nenda kwa adabu. Yeye ni mkubwa na anajitolea, mara nyingi bila hata nauli. Usimwambie hajui. Mwombe amwachie dogo alfajiri tatu kwa wiki kwa majaribio ya wiki sita, na wewe ujitolee kushika saa.

Kisha utuwekee hapa video. Simama pembeni usawa wa mita 15, simu iwe urefu wa kiuno na isimfuate anapokimbia, mita 30 za kwanza tu. Kama uwanja wenu ni wa vumbi, piga na picha ya nyayo.