Gari la kifahari linaloinama usiku: kwa nini ubovu mmoja umekuwa vipuri vinne?

SWALI: Nilinunua gari la kifahari lenye umri wa miaka minane, kwa bei inayokaribia ile ya gari dogo jipya. Miezi mitano baadaye nililikuta asubuhi limeinama mbele kushoto, kisha likainuka lenyewe nilipowasha injini, nami nikaendelea kulitumia kwa wiki kadhaa. Sasa haliinuki kabisa, na gereji imeniandikia springi mbili za hewa, kompresa, yaani pampu ya hewa, na relei yake, yaani swichi ya umeme inayoiwasha na kuizima. Mbona kona moja imegeuka vipuri vinne? Je, niweke springi za chuma?

JIBU: Nimesikitika kusoma swali lako, hasa kwa sababu asubuhi ile ya kwanza tatizo lilikuwa bado la kipuri kimoja. Springi ya hewa ni mfuko wa mpira unaobeba uzito ambao katika magari mengine hubebwa na springi ya chuma. Mpira huo hujikunja na kujikunjua kila gari linapovuka tuta, na baada ya miaka kadhaa hupata nyufa nyembamba kwenye mikunjo, ambamo hewa huvuja polepole usiku kucha. Unapowasha injini, sensa za kimo huiarifu kompyuta kwamba kona moja imeshuka, nayo huiamuru kompresa ijaze upya.

Kompresa hiyo imeundwa kufanya kazi kwa vipindi vifupi na kupumzika. Ikilazimika kufidia uvujaji kila siku, hupata joto kupita kiasi, ringi za pistoni yake huchakaa, na kikaushio kinachonyonya unyevu wa hewa hushiba maji. Relei nayo imo kwenye orodha kwa sababu ncha zake zikigandana, kompresa mpya itazunguka bila kusimama hadi iungue. Katika hayo gereji yako iko sahihi. Springi ya pili ndiyo ya kujadiliana: ina umri uleule, na kwa kawaida hushauriwa zibadilishwe pamoja, lakini kama fedha hazitoshi, mwombe fundi aipake maji ya sabuni baada ya kompresa mpya kufungwa. Isipotoa mapovu, inaweza kusubiri. Kwa sasa usiliendeshe gari likiwa limelala, kwa maana tairi likigusana na bodi hukatika.

Wanunuzi wengi hudhani kwamba bei ya gari ikishuka, matengenezo nayo hushuka. Gari la aina hii hupoteza thamani haraka, ilhali bei ya vipuri vyake huendelea kufuata hadhi liliyokuwa nayo likiwa jipya. Tena, mara nyingi kinacholipiwa zaidi ni saa za fundi kuliko kipuri chenyewe. Baadhi ya injini za Audi za V8, yaani za silinda nane, zina mnyororo wa taimingi, unaooanisha mwendo wa sehemu za injini, upande wa giaboksi, hivyo kubadilisha kikazio kidogo cha mnyororo huo hulazimu injini nzima ishushwe. Katika injini ya BMW iitwayo N63, iliyotoka mwaka 2008, turbo mbili zimewekwa katikati ya safu za silinda, na joto la mahali hapo finyu hukausha mipira na mabomba yaliyo karibu mapema kuliko kawaida.

Kuhusu springi za chuma, vifaa vya kubadilishia vipo, na kwa gari unalokusudia kulitumia miaka michache tu ni uamuzi unaoeleweka. Hata hivyo utapoteza uwezo wa gari kujisawazisha linapobeba mzigo, taa ya onyo inaweza kubaki ikiwaka kama kompyuta haijarekebishwa, na mnunuzi wa baadaye ataliuliza. Mimi ningetengeneza mfumo wa hewa, ila ningekataa springi zilizokwishatumika, kwa sababu mpira wake una umri ambao huwezi kuuona kwa macho.

Kwa umri wa gari lako, kagua pia rekodi za mafuta ya giaboksi. Baadhi ya watengenezaji wa magari husema kwamba hayahitaji kubadilishwa kamwe, lakini ZF, inayotengeneza giaboksi za magari mengi ya namna hiyo, hushauri yabadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000. Kama huoni popote kwamba kazi hiyo imewahi kufanyika, itengee fedha mara tu springi zitakapokamilika.