Mwalimu Anajibu: Mtaala Mpya na Wajibu wa Mzazi

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwaka 2024 binti yangu alikuwa darasa la tatu na kaka yake alikuwa darasa la nne. Sasa nasikia kwamba watamaliza shule ya msingi mwaka mmoja. Je, mkubwa amerudishwa nyuma, au mdogo amerushwa darasa?
Baba wa wawili

JIBU: Marahaba, baba. Hakuna aliyerudishwa wala aliyerushwa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya Tanzania ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imepunguza elimu ya msingi kutoka miaka saba hadi sita, na mtaala mpya ulianza kutumika Januari 2024 katika madarasa machache, likiwamo darasa la tatu. Waliokuwa darasa la nne mwaka huo waliachwa waendelee na utaratibu wa zamani mpaka darasa la saba. Kwa hiyo binti yako anafika darasa la sita mwaka 2027, na kaka yake anafika darasa la saba mwaka huohuo, kisha wote wawili wanatarajiwa kuingia kidato cha kwanza mwaka 2028.

Jambo la kwanza la kuangalia ni vitabu. Katika nyumba nyingi mdogo hurithi vitabu vya mkubwa, na kwa kawaida huo ni uangalifu mzuri wa fedha, lakini hapa utampotosha binti. Kaka alisoma Maarifa ya Jamii pamoja na Uraia na Maadili, ilhali binti anasoma Historia ya Tanzania na Maadili pamoja na Jiografia na Mazingira, na hata pale ambapo jina la somo halikubadilika, mpangilio wa mada si uleule. Kabla ya kununua kitabu chochote, hakikisha kimeandikwa kwa ajili ya mtaala ulioboreshwa. Vitabu vya kiada vya Taasisi ya Elimu Tanzania vinasomeka pia bila malipo katika maktaba mtandao ya taasisi hiyo. Jambo la pili ni matumizi: shule za sekondari za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na nauli za watoto wawili zitakudai kwa wakati mmoja, na ni heri uanze kujiandaa mapema. Nakuomba pia usiwashindanishe, maana wanasoma mitaala miwili tofauti na alama zao hazilinganishiki.

SWALI: Mwalimu, mwanangu anarudi nyumbani na daftari lenye maandishi machache. Juzi alitumwa apime meza na mlango kwa uzi, jambo ambalo mimi naliona kuwa mchezo. Isitoshe, niliishia darasa la saba, na hesabu za siku hizi sizijui. Nimsaidieje?
Mama wa darasa la tano

JIBU: Mama, wingi wa maandishi haukuwahi kuwa kipimo kizuri cha kujifunza, ila tulikizoea kwa sababu kinaonekana kwa macho. Mtaala huu unajikita katika umahiri, maana yake ni kwamba mtoto anatarajiwa kulitumia alilofundishwa, na si kulitamka tu. Zamani angeweza kukariri kanuni ya mzingo wa mstatili, yaani jumla ya urefu wa pande zake zote nne, akapata vema, bila kuwahi kupima kitu chochote.

Ule uzi haukuwa mchezo. Siku nyingine akipima meza, kaa karibu naye. Akipima upande mmoja mrefu na mmoja mfupi, kisha akaandika jibu, muulize: "Mbona pande mbili hukuzipima?" Akikueleza kwamba pande zinazotazamana zinalingana, na kwamba kwa sababu hiyo alijumlisha vipimo viwili na kuzidisha kwa mbili, basi ameelewa. Akishika kichwa, au akisema "mwalimu alisema tufanye hivyo", hapo ndipo penye pengo, nawe umeligundua bila kuhitaji cheti chochote. Usikimbilie kumpa jibu. Mwambie apime pande zote nne kisha alinganishe.

Ninachowaomba wazazi kwa msisitizo ni kutomfanyia mtoto kazi yake. Walimu huletewa kazi mradi zilizonyooka kwa rula na kupakwa rangi kwa mkono wa mtu mzima, na mtoto akiulizwa alizitengenezaje, ananyamaza. Kazi iliyopinda lakini ni yake humwonyesha mwalimu pa kuanzia. Vivyo hivyo, tuisheni ya kukaririsha majibu jioni nzima inamchosha mtoto na haimwongezei umahiri wowote. Ni afadhali alale.

Ukienda shuleni, usiishie kuuliza amekuwa wa ngapi. Muulize mwalimu ni kitu gani mtoto bado hajakiweza, na ni zoezi gani mnaweza kulifanya nyumbani. Mwalimu mwenye darasa kubwa huenda asiwe na nafasi ya kukueleza kwa kirefu, kwa hiyo nenda na daftari mkononi na swali moja lililo wazi.

SWALI: Je, mkondo wa amali ni wa watoto walioshindwa masomo?
Mzazi

JIBU: La hasha. Sekondari sasa ina mikondo miwili, wa jumla na wa amali, na mwanafunzi wa amali husoma baadhi ya masomo ya jumla pamoja na fani ya kazi, kama vile ufundi, kilimo au michezo. Fundi umeme asiyejua hesabu ni hatari kwa nyumba anayoitengeneza, kwa hiyo kumpeleka huko mtoto kwa sababu tu hesabu zinamshinda ni kumkosea. Kabla ya kuchagua, ulizeni shule husika inafundisha fani zipi, ina karakana na vifaa gani, na walimu wa fani hizo wapo au wanasubiriwa. Mtoto naye aulizwe, na ikiwezekana aende akaione hiyo karakana kabla fomu haijajazwa.