Muulize Fundi: Stuli ya "mfalme" na ile ya nyongeza

SWALI: Shikamoo mzee. Nina mgahawa mdogo hapa Dunda, Bagamoyo, na nimejenga kaunta ya kunywea kahawa. Mwezi uliopita nilikwenda kwa jamaa anayeuza vyombo vya wageni waliohama, nikanunua stuli ndefu kwa laki tatu. Mgongo wake ni wa mviringo kama yai, miguu imenyooka ina michirizi, na kiti kimevishwa kitambaa cha rangi ya maziwa kikazungushiwa misumari ya vichwa vya shaba. Aliniambia ni ya wakati wa Mjerumani, mtindo wa mfalme wa Ufaransa. Akaniongezea na ya pili bure, eti hiyo ni ya kuigiza: nzito, imechujuka, tena inayumba. Sasa kuna mtu anaitaka hiyo ya nyongeza kwa elfu hamsini. Nimpe? Na hii ya laki tatu thamani yake hasa ni ipi? Picha nimekutumia.
Mama Kahawa, Bagamoyo

JIBU: Marahaba mwanangu. Picha zako za kwanza hazikunifaa kitu, umezipiga kama za harusi. Ulipozipindua stuli zenyewe miguu juu ukanipigia picha za tumbo, hapo ndipo tukaanza kuzungumza.

Kuhusu mtindo, muuzaji hakukudanganya. Mgongo wa yai, miguu iliyonyooka inayopungua kadiri inavyoshuka, michirizi ya wima, na ua la duara kwenye kibao cha mraba pale mguu unapokutana na kiti: huo ndio mtindo wa Louis XVI, aliyetawala Ufaransa tangu 1774 hadi 1792. Zama za babu yake, Louis XV, miguu ya viti ilipinda kama ya swala. Yaliyoinyoosha ni magofu. Pompeii, mji wa Kirumi uliofukiwa na volkano, ilianza kufukuliwa mwaka 1748, na mafundi wa Ulaya wakashikwa na homa ya kila kitu cha Kirumi na Kigiriki. Michirizi ya stuli yako asili yake ni nguzo za mahekalu.

Ila mtindo si umri. Umepima kutoka sakafuni hadi kwenye kiti ukapata sentimita 64. Kiti cha kulia chakula ni 45 hivi. Hiyo 64 ni ya kaunta ya sentimita 90, ili mapaja yapate nafasi ya sentimita 25 au zaidi kidogo chini ya ubao. Sasa nikuulize, huyo mfalme alikuwa akikaa jikoni kusubiri chapati? Jiko la kujengea lenye kaunta ni mambo ya karne ya ishirini. Lile mashuhuri la Frankfurt, Ujerumani, alilolibuni mwanamke mmoja msanifu, Margarete Schütte-Lihotzky, ni la 1926, na stuli yake ilikuwa ya kuzunguka, ya kazi tu, haina urembo. Kukaa kaunta nyumbani na kikombe cha chai kumeenea baada ya Vita Kuu ya Pili. Mjerumani alitolewa Bagamoyo Agosti 1916. Hesabu imekataa kabla hata hatujagusa bisibisi.

Na bisibisi yenyewe ni ya nyota! Zitazame skrubu nne zinazoshika kiti cha hiyo ya laki tatu. Skrubu za nyota za Phillips zilipata hataza Marekani mwaka 1936, na kabla ya hapo fundi alitumia za mfereji mmoja. Skrubu huweza kubadilishwa, ni kweli, lakini hapa tundu halina dalili ya skrubu nyingine. Usijilaumu. Mimi niliyezeeka na randa mkononi niliuziwa hapa Tanga kabati la "meneja wa shamba la mkonge", nikafika nalo nyumbani nikakuta skrubu za nyota zimezibwa kwa nta nyeusi. Mke wangu mpaka leo hulisalimia: habari za asubuhi, meneja.

Endelea kutazama. Chini ya kitambaa kuna sponji na plaiwudi, na kitambaa kimepigwa pini za bunduki ya upepo, zimejipanga kama mshono wa cherehani. Fremu ni mbao nyeupe yenye vijistari vifupi vya kahawia, tena mguu wa nyuma umeungwa vipande viwili vilivyong'atana kama vidole. Huo ni mti wa mpira, ule unaogemwa utomvu mpaka ukachoka, ndipo ukakatwa ukawa samani. Malaysia na Thailand wameufanyia biashara hiyo tangu miaka ya 1980. Najua mtu wa Muheza ataniandikia kwamba mpira ulilimwa kwetu enzi za Mjerumani. Ndiyo, ndugu yangu, ila ule ni ndugu wa muhogo, ndio tunaokula kisamvu chake. Si mti huu.

Basi stuli ya laki tatu ni ya kiwandani, ya juzi juzi, imetengenezwa vizuri. Kwa mfuko wangu ningetoa laki na ishirini, nisiongeze.

Sasa ile ya nyongeza. Nimekaa na picha zake jioni nzima. Mbao ni mninga mtupu. Kwenye pembe moja kwa ndani fundi ameacha ukanda mweupe wa mbao ya nje ya mti, ile inayopakana na ganda. Hakuna skrubu hata moja. Kila mguu umeingia kwa ulimi na tundu, na ulimi umefungwa kwa kijiti cha mbao kilichopigwa kupenya. Hesabu michirizi: mguu wa kushoto mbele ina saba, wa kulia minane. Mashine haikosei hivyo. Huyu alikuwa na ile ya kiwandani mbele yake, akaambiwa atengeneze mwenzake.

Na amefuata kila kitu isipokuwa ua. La kiwandani ni la Kifaransa, petali nyembamba zimebanana. La kwake lina petali nane nene, katikati kitone, pembeni mkufu. Toka nje, nenda Mji Mkongwe, simama mbele ya milango ya zamani yenye nakshi utazame vizingiti vya juu. Utalikuta.

Mbao, siku tatu za kazi na huo mkono: laki mbili na nusu, na siyo ghali. Kuyumba kusikutishe, gundi imekufa tu. Toa kwanza kile kijiti, ng'oa mguu taratibu, kwangua gundi kavu, paka gundi nyeupe ya mbao, ufunge kwa mpira wa baiskeli uliokatwa ukanda, uuache usiku na mchana. Mtu akikugusia msumari, mfukuze.

Huyo wa elfu hamsini mwambie haiuzwi. Mwisho wa mwezi nashuka Bagamoyo kwenye arusi ya mpwa wangu, nitapita kunywa kahawa. Ukiwa bado unataka kuiuza, mteja ni mimi, na bei nimeshajifunga mwenyewe mbele ya wasomaji wote.